Mpafu una thamani ukiwa umesimama

Mpafu ukiangushwa Walikale, Goma inapata mbao. Ukiachwa umesimama, Goma haipati kitu. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika leo. Mti huu unaweza kutulisha, kututibu na kutufukizia nyumba kwa vizazi kadhaa, nasi tumeukubalia bei siku ile tu unapolala chini ukisubiri msumeno.

Ninaishi Keshero, upande wa magharibi wa mji, na kabla ya kustaafu nilifundisha biolojia katika shule za sekondari za hapa. Nilizaliwa Walikale, kule ambako milima ya Masisi inashuka hadi kwenye msitu mnene wenye joto. Nyumba yangu haiko mbali na depo za mbao. Kila wiki naona malori yakishusha, vijana wakipakia mbao kwenye chukudu, wanunuzi wakipima kwa mikono na kubishana bei. Mbao zimefika licha ya barabara mbovu, vizuizi, vita na matope. Sijawahi kuona lori hata moja likishusha gunia la matunda ya mpafu. Watoto wa mtaa wangu hawayajui. Walimu wenzangu vijana hawayajui. Mti wanaujua kama ubao, basi.

Kwa asiyeufahamu, mpafu ni mti wa msituni ambao wataalamu wa mimea wanauita Canarium schweinfurthii, kwa kumkumbuka Georg Schweinfurth, mzaliwa wa Riga aliyefika mto Uele mwaka 1870. Shina lake hupanda limenyooka bila tawi hadi juu sana, na mti uliokomaa hufika mita 40 au kuzidi. Ukikwaruza gome lake unatoka utomvu unaonata, wenye harufu kali tamu, ambao ukikauka unakuwa mweupe unaoelekea manjano. Harufu hiyo ina asili yake: mpafu ni wa ukoo mmoja na mti wa ubani wa Somalia na Oman, na mti wa manemane. Watu wa msitu wa Ituri hutumia utomvu wake kuwashia moto na kutengeneza mienge. Nyumbani kwetu uliwekwa juu ya kaa la moto jioni, nyumba ikafukizwa, mbu wakapungua na nguo zikanukia.

Mgeni naye aliuona zamani. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1873 na kutokea pwani ya Angola mwaka 1875, alipita Manyema na kuandika juu ya mipafu mikubwa ajabu na mafuta yenye harufu nzuri yaliyotolewa kwenye matunda yake. Alilitumia jina letu hilihili, mpafu. Miaka 150 imepita na ninajiuliza ni wangapi mjini Goma leo wangeweza kumwonyesha mtu mti huo kwa kidole.

Tunda lenyewe lina umbo la zeituni kubwa. Changa ni la kijani. Likiiva huwa la zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Nyama yake ni ya manjano-kijani, ina mafuta, na katikati kuna kokwa ngumu yenye pembe tatu ambayo sisi watoto tuliitoboa na kuifanya shanga. Huwezi kuliuma likitoka mtini, ni gumu. Bibi yangu alipasha maji mpaka yawe vuguvugu, akatumbukiza matunda, akafunika sufuria kwa jani la mgomba na kuiweka kando ya mafiga. Alitukataza kabisa kuyachemsha, maana maji yakitokota tunda hukakamaa badala ya kulainika. Baadaye kidogo ngozi ilijivuta, nyama ikawa laini, nasi tukala kwa chumvi pamoja na ndizi au muhogo. Mikono ilibaki na mafuta. Tunda moja dogo lilitosha kubadilisha ladha ya muhogo mkavu usio na kitu pembeni.

Ninalisema hilo kwa sababu mafuta ndiyo yanayokosekana kwanza kwenye sahani ya mtoto wa Keshero. Mama akikosa pesa ataleta nyumbani foufou na sombe, na sombe hiyo itapikwa kwa maji na chumvi, bila mawese. Kivu tunaujua utapiamlo kwa karibu. Neno bwaki kila mama wa hapa analijua, na watafiti wa Lwiro, karibu na Bukavu, waliuchunguza ugonjwa huo tangu enzi za Wabelgiji. Tunda la msituni halitaufuta utapiamlo. Lakini tunda lenye mafuta, linalotoka kwenye mti usiohitaji mbolea wala dawa ya wadudu, linaloanguka lenyewe chini, kulikosa mjini ni jambo la kutuuma.

Majirani zetu wamefanya vizuri kuliko sisi. Uganda, katika wilaya za Mukono na Mpigi, akina mama huuza matunda haya msimu wake ukifika, na Waganda wanayaita empafu. Huko miti hii mara nyingi imeachwa katikati ya mashamba ya kahawa na migomba, kwa sababu mwenye shamba anajua italeta kitu. Nijeria, kwenye uwanda wa juu wa Jos, wanaliita tunda hilo atili, wanakamua mafuta yake na kuyauza sokoni kama sisi tunavyouza mawese. Ni mti uleule, tunda lilelile. Wao wanauza kinachodondoka, sisi tunauza shina.

Sasa nije kwenye gome, maana hapo ndipo pananisumbua zaidi.

Waganga wa dawa za asili wa upande wetu hutumia gome la mpafu kwa kuhara damu, kwa kikohozi, kwa maumivu ya kifua na ya tumbo. Huchemshwa, maji yakanywewa kidogokidogo. Siwezi kumwambia msomaji kwamba yote hayo yanatibu, na mgonjwa wa kuhara damu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hasa akiwa mtoto. Lakini nimeishi vya kutosha kujua kwamba watu wanatumia magome na wataendelea kuyatumia, kwa imani na kwa sababu ya bei. Tangu Januari 2025, benki zilipofungwa mjini na mishahara ikakatika, biashara ya magome imeongezeka mbele ya macho yangu. Asiye na pesa ya duka la dawa hununua kifurushi cha magome kwa faranga chache.

Hivi karibuni kijana mmoja alipita kwenye mtaa wetu na beseni kichwani. Lilijaa maganda ya miti, mizizi, makasu na vichupa vya dawa ya rangi ya chai. Nikamwita.

"Karibu mama," akasema akishusha beseni. "Hii ni ya tumbo, hii ya mgongo, hii ya presha. Hii ya baba, nguvu inarudi."

Nikachukua ganda moja nene, nikalinusa. Lilikuwa mpafu. Nikamuuliza limetoka wapi.

"Inatoka huko pori, mama. Sisi tunanunua kwa wale wenye kuleta."

"Na wao wanalitoaje? Mti huu ni mrefu."

"Wanauangusha. Juu hapafikiki. Ukiangusha unapata maganda yote, hata ya matawi."

Hakuwa na hatia usoni, na sikumwona kuwa na kosa. Alikuwa akitafuta ugali wa jioni. Aliyeangusha mti naye huenda alikuwa na watoto. Ila nilipoingia ndani nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimesikia hesabu kamili ya ujinga wetu: mti uliochukua maisha ya watu wawili au watatu kukua, uangushwe kwa magunia machache ya dawa ya tumbo.

Niliwafundisha wanafunzi wangu jambo hili kwa kuchora ubaoni, na nitalirudia hapa. Jani hutengeneza chakula cha mti kwa mwanga wa jua. Chakula hicho hushuka hadi kwenye mizizi kupitia tabaka la ndani la gome, lile lenye unyevu, ambalo mkata magome ndilo analolitaka. Ukimenya gome kuuzunguka mti wote, hata kwa upana wa kiganja, umekata njia. Maji bado yatapanda kupitia kwenye mbao, majani yatabaki ya kijani kwa muda, na mpita njia atadhani mti u mzima. Chini mizizi inakufa njaa. Baada ya miezi, pengine mwaka, mti unaanza kukauka kuanzia juu. Kwa hiyo anayemenya mzunguko mzima na anayeangusha kwa shoka wanafanya kazi moja, tofauti ni muda tu.

Njia nyingine ipo, na haihitaji mashine. Unachagua mti mkubwa. Unamenya vipande kwenye pande mbili zinazotazamana, ukiacha pande mbili nyingine zikiwa nzima kutoka chini hadi juu. Huingizi panga hadi kwenye mbao; unaacha ngozi ile nyembamba inayoota gome jipya. Kisha unauacha mti huo miaka mingi kabla ya kurudi, na ukirudi unachukua pande ulizoziacha. Utaratibu huo ulibuniwa kwa ajili ya mti mwingine wa kwetu, ambao habari zake kila mtu wa Kivu Kaskazini angepaswa kuzijua.

Mti huo ni mumba, Prunus africana. Huota milimani, kuanzia Kamerun hadi Kenya na hadi Afrika Kusini, na kwetu unapatikana katika nyanda za juu za Lubero, Beni, Masisi na kwingineko. Wachonga chukudu wanausifu kwa ugumu wake. Matunda yake ni madogo, mekundu, machungu kwa binadamu, lakini kima na ndege wanayapenda. Wazee walitumia gome lake kwa tumbo, kwa homa na kwa matatizo ya mkojo. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa iliyotokana na gome hilo, ya kutibu kuvimba kwa tezi dume kwa wanaume wenye umri mkubwa. Kuanzia hapo wazee wa Ulaya walipata nafuu ya kukojoa usiku, na misitu ya Afrika ikaanza kumenywa.

Kamerun iliumia kwanza, kisha Madagaska, Kenya, na sisi pia. Magome yalitoka Lubero na Beni yakiwa makavu kwenye magunia, yakapitia Butembo, yakavuka mpaka. Mkulima aliyeyamenya alilipwa kwa kilo, bei ndogo, na kwa kuwa alilipwa kwa kilo alimenya yote. Mwaka 1995 mti huo ukawekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha ununuzi kutoka nchi kadhaa, Congo ikiwemo, mpaka zithibitishe kwamba uvunaji wao hauui miti. Hivyo tulipata hasara mara mbili, kwanza miti ikakauka, halafu soko likafungwa.

Najua kuna watakaosema mpafu hauna kampuni ya Ulaya inayoutafuta, kwa hiyo hatari hiyo haipo. Mimi naona kinyume. Mumba ulipata walinzi kwa sababu tu ulikuwa na mnunuzi wa nje. Mizigo yake ilipita kwenye mpaka, ikahitaji karatasi, mtu akahesabu. Magome ya mpafu yanaliwa na soko la ndani, kwenye beseni la kijana wa Keshero. Hayapiti forodha. Hayahesabiwi na mtu yeyote. Ukiongeza msumeno wa mbao na tanuri la makala, mti unashambuliwa kutoka pande tatu na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha.

Na Kivu haina kisingizio cha kutojua namna ya kuishi na biashara ya magome. Kwinini iliyowaokoa wagonjwa wa malaria duniani hutoka kwenye gome la mkinkina, mti wa milima ya Andes ulioletwa kwetu wakati wa ukoloni. Mashamba yake yalienea Kivu zote mbili, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimetengeneza kwinini kutokana na magome hayo kwa miongo mingi. Nani aliyewahi kusikia hapa kwetu mkinkina unaibiwa gome porini hadi utoweke? Ulipandwa. Ulikuwa na mwenyewe, ulikuwa na safu, ulikuwa na mwaka wa kuvunwa na mche wa kuchukua nafasi yake. Mti wa kigeni tumeupandia mashamba, na wa kwetu tumeuachia panga.

Hapa nageukia wenye pepinyeri na wanaozifadhili, kwa heshima. Tangu watu karibu milioni moja walipovuka mpaka kwa siku chache Julai 1994, na miti ya Hifadhi ya Virunga ikaishia kwenye mafiga ya kambi za Mugunga na Kibumba, mji huu umepanda miti mingi. Mradi wa EcoMakala wa WWF, ulioanza 2007, uliwasaidia wakulima kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao ili hifadhi ipumue. Ni kazi njema na naiunga mkono; mji wa zaidi ya watu milioni moja unaopika kwa makala lazima uyapate mahali. Lakini tazama kilichopandwa: mikaratusi, greviliya, akasia. Miti inayokua haraka, inayokatwa haraka. Imepandwa ili ikatwe. Fedha ya kupanda mti utakaobaki, utakaomlisha mjukuu wa aliyeupanda, karibu haipo. Mfadhili anataka ripoti baada ya miaka mitatu, na mpafu kwa miaka mitatu ni kijiti tu.

Ninachoomba hakizidi uwezo wetu. Kila pepinyeri inayopata fedha ya umma au ya mfadhili katika jimbo hili itenge sehemu ya vitalu vyake, hata kitalu kimoja katika kumi, kwa miti ya asili yenye tunda au dawa. Kila eneo lipewe mti wake. Mpafu unapenda joto, kwa hiyo upandwe Walikale, upande wa chini wa Masisi na huko Beni kwenye bonde la Semliki. Mumba uende Lubero na kwenye vilima vya juu vya Masisi na Rutshuru. Hapa Goma, kwenye mita takriban 1,500 na juu ya mawe ya volkano, tunapochimba shimo kwa mtalimbo na kujaza udongo wa kununua, mzambarau pori na mikuyu vitatufaa kuliko mpafu.

Wanaopanda mpafu wajue mambo mawili ambayo nimeona yakipuuzwa. La kwanza, mpafu una mti dume na mti jike. Anayepanda mmoja peke yake mbele ya kanisa na kupiga picha huenda asipate tunda maisha yake yote. Ipandwe kadhaa pamoja. La pili, mbegu yake ni ya subira. Kokwa ni ngumu, na msituni hupita kwanza kwenye matumbo ya tembo, sokwe na hondohondo, ambao huimeza na kuidondosha mbali na mti mama. Tulipowaua au kuwafukuza wanyama hao tuliondoa wapandaji. Kazi yao sasa ni ya mikono yetu. Mbegu ya mumba nayo haivumilii kukaushwa na kuwekwa kabatini. Ioshwe na ipandwe mara tu tunda linapoiva, la sivyo inakufa.

Kuhusu miti iliyopo tayari msituni, sheria si tatizo. Amri ya Agosti 2, 2014 inairuhusu jamii ya kijiji kupewa msitu wake hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda, na kujitungia mpango wa kuusimamia. Walikale ni miongoni mwa sehemu zilizoitumia amri hiyo zaidi katika jimbo letu. Nimewahi kukaa na wazee wa mojawapo ya jamii hizo; mpango wao ulitaja mbao, wanyama, dhahabu na mashamba. Niliwauliza matunda na magome yako ukurasa gani. Mzee mmoja akanijibu, "Mwalimu, hayo ni mambo ya wanawake na waganga, hatukuyaandika." Basi yaandikwe. Iandikwe kwamba mpafu unaozaa haukatwi kwa mbao. Iandikwe kwamba gome linamenywa pande mbili tu, na mganga anayetaka kumenya anaomba ruhusa na kutajwa jina. Wanawake wanaookota matunda wawe kwenye kikao siku inapoandikwa, kwa kuwa wao ndio wanaoujua mti jike na mti dume kwa macho, bila darubini na bila mwalimu wa biolojia.

Mtu wa mbao atauliza: na mimi nile nini? Swali ni la haki. Ubao wa mpafu ni mwepesi, unatumika kwa vitu vya ndani na kwa kubandika, na miti mingine inaweza kufanya kazi hiyo. Mikaratusi tuliyoipanda kwa wingi inatoa nguzo na mbao kila baada ya miaka michache. Asinyang'anywe riziki yake; aelekezwe kwenye mti uliopandwa kwa ajili ya msumeno. Mti dume usiozaa, ukiwa mzee na kukiwa na wadogo wa kushika nafasi yake, jamii inaweza kuamua kuuvuna. Nisichokubali ni kukata jike linalozaa, huku watoto wakinunuliwa biskuti kutoka ng'ambo.

Matunda kufika Goma ni kazi ngumu zaidi, nakiri, kwa sababu barabara ya Walikale iko mikononi mwa wenye bunduki kuliko mikononi mwa wenye magari. Tunda bichi halingoji siku tano kwenye kizuizi. Lakini mafuta yanangoja. Yakikamuliwa kijijini na kutiwa kwenye bidoni, yanasafiri kama mawese yanavyosafiri, na utomvu mkavu unasafiri vizuri zaidi kuliko vyote viwili. Parokia zetu za Goma hununua ubani unaotoka mbali. Ningefurahi kumsikia padri mmoja akitangaza kwamba Pasaka ijayo chetezo chake kitafukiza utomvu wa mpafu wa Walikale, na kwamba aliulipia bei nzuri kwa kikundi cha akina mama. Naamini bei hiyo ingeulinda mti kuliko mabango yote ya "usikate miti" yaliyobandikwa mjini.

Kwa wakaaji wenzangu wa Keshero ninaomba jambo dogo la kila siku. Kijana wa beseni akipita, msimfukuze na msimtukane. Mwulizeni gome limetoka kwenye mti uliosimama au ulioangushwa. Gome lililomenywa kwenye mti ulio hai huja katika vipande vipana vya shina, vyenye urefu wa kiasi. Ukiona vipande vyembamba vya matawi vimechanganywa na vya shina, mti huo uko chini. Kataeni kuvinunua. Mwambieni sababu. Yeye atamwambia anayemletea, kwa kuwa hakuna mjumbe anayefika msituni haraka kuliko mnunuzi aliyekataa. Na baba mwenye shida ya mkojo asiishie kwenye kichupa cha rangi ya chai. Aende hospitali apimwe, maana kuvimba kwa tezi na saratani ya tezi huanza kwa dalili zinazofanana.

Mvua za Septemba ndizo tunazozitumia kupanda, na vitalu vinavyopandwa msimu huo huandaliwa miezi kabla. Naiomba idara ya mazingira ya jimbo, pamoja na mashirika yanayopanda miti kandokando ya hifadhi, watoe hadharani orodha ya miche waliyoiandaa: aina, idadi, na inakopelekwa. Kama mpafu na mumba havimo, waseme ni kwa nini. Mbegu za mpafu zipo kwa ndugu zangu Walikale, na wanaozijua mbegu hizo wapo tayari kuziokota kwa malipo. Niko tayari kwenda shule yoyote ya Keshero, Himbi au Ndosho inayotaka kuanzisha kitalu cha mzambarau pori nyuma ya madarasa, na kukaa na watoto mpaka mche wa kwanza utoke.